Neno Lililovuka Mto Secchia

Shambani kwetu, nje ya Carpi
Jumapili, 11 Septemba 1955

Kwako Kaka Learco,

Ukisikia huko Ubelgiji kwamba kuna kijana mmoja wa Kiitaliano anayeivalisha nusu ya Ujerumani, usijisumbue kuuliza jina lake. Ni mimi mdogo wako, Nerio. Hakuna sweta linalotoka bonde hili bila kupita mikononi mwangu. Wanawake wa pande zote mbili za mto, wenye waume na wasio na waume, wakisikia pikipiki yangu wanatoka mlangoni wakijifuta mikono. Hata Papa hapokewi hivi, hasa huku kwetu.

Sisi tu wazima. Mama anakusalimu sana. Mguu unamsumbua, mdomo haujambo. Binti yako Iones anaibusu picha yako kila asubuhi, halafu anambusu na farasi wa kwenye kalenda, kwa hiyo usivimbe kichwa. Mkeo, shemeji Argia, anafuma. Ile mashine ya kufumia iko jikoni, kati ya meko na kitanda cha mtoto, inalia zuu-zuu, zuu-zuu, mpaka nikienda kunywa divai kwa watu bado naisikia masikioni. Mwenyewe anasema kila sweta ni ngazi moja ya wewe kupanda kutoka shimo hilo la makaa ya mawe. Akienda hivi mpaka Pasaka, unarudi, unakodi kile kibanda cha fundi baiskeli, na Wabelgiji wabaki na makaa yao.

Sasa habari yenyewe. Nimeajiriwa na Bwana Zanfi, yule mwenye ghala la nyuzi. Amenipa pikipiki ya magurudumu matatu yenye sanduku nyuma: napeleka uzi, narudi na masweta. Juzi nikiwa darajani, nani akanisimamisha? Dirce wa chama cha wafanyakazi! Yule yule aliyebeba barua za wapiganaji kwa baiskeli wakati wa vita. Nywele zimeingia mvi, macho bado yanachoma.

"Wewe kijana wa Zanfi," akaniambia, "unaingia majiko mangapi?"

"Yote, mama. Yenye divai naingia mara mbili."

"Basi wewe ndiye chama."

Nikadhani ananitania. Akanieleza. Mashati yanashonwa kiwandani, pale kuna geti. Ukitaka kusema na wanawake unasimama getini. Lakini mfumaji wa nyumbani geti lake liko wapi? Bibi zetu walipokuwa wakisuka kofia za nyuzi za mti walishindwa kwa jambo hilo hilo, kila mmoja na mlango wake. Tangu vita viishe wanaume wa chama wanaitisha mikutano ya wafumaji, na wanaokuja ni wanaume. Dirce anataka chama kimoja cha bonde zima, ng'ambo hii na ng'ambo ile, bei moja. Na mtu pekee anayeingia kila jiko bila mume kuuliza ni nani? Taja mwenyewe.

Mimi nduguyo, mtu mkubwa sasa,
Nerio

Kambini, karibu na Charleroi
25 Septemba 1955

Mdogo wangu Nerio,

Barua nimeipata. Mpe Mama pole ya mguu, mkumbatie Iones, na huyo farasi mng'oe ukutani. Mimi mzima. Ermes, mume wa dada yake Argia, anawasalimu. Tunalala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini, anakoroma kwa lahaja ya ng'ambo. Ya shimoni usiniulize.

Umenichekesha, halafu usingizi ukanipaa. Sikiliza. Dirce namheshimu, na anachosema ni kweli, nami ningekuwa huko ningekuwa wa kwanza. Lakini mashine ile ni ya Zanfi. Argia ameazimwa tu. Siku Zanfi atakapoikasirikia nyumba yetu, mimi Pasaka naila hapa. Nimeshawaambia watu hapa kambini kwamba naondoka, hata viatu vyangu vina mtu anavisubiri.

Sikwambii usifanye. Nakwambia ufanye kama mtu mwenye akili. Ukitumwa neno, lifikishe lilivyo, usilipambe. Nakujua wewe.

Kakako,
Learco

Shambani kwetu
Jumapili, 9 Oktoba 1955

Kaka Learco,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Zabibu tumemaliza kuvuna, mikono yangu bado ya zambarau. Mama ameanza kuomba ukungu usishuke mapema, na ukungu umeshashuka. Iones ameniita "ba'mdogo mwizi" kwa sababu nilimlia jibini lake. Mtoto ana ulimi, sijui kautoa wapi.

Umesema nisipambe. Mimi? Ngoja nikupe kama ilivyokuwa, bila chumvi.

Nilianzia ng'ambo, kwa Afra, dada yake shemeji. Nimemkuta anafuma kola. Nikamuuliza: "Dada Afra, Zanfi anakupa ngapi kwa sweta la kola?"

Akaubana mdomo. "Hiyo ni siri yangu na Bwana Zanfi."

"Ala! Kumbe mna siri! Ermes anajua?"

Mwiko ukapita sikioni. Nikaokota, nikamrudishia kwa adabu. "Basi na mdogo wako Argia naye ana siri na Zanfi. Yake imezidi yako kwa lira hamsini."

Kaka, mashine ilinyamaza. Afra alikaa. Kumbe Zanfi anampa kila mwanamke bei yake, halafu anamnong'oneza: hii ni yako peke yako, usiniharibie kwa majirani. Na kila mmoja anajiona mpendwa wa nyumba! Afra akatoka uani akapiga kelele moja tu, majirani wakaja na masweta yao mikononi. Nilipoondoka jiko zima lilikuwa linatajiana bei kama mnada wa ng'ombe, na bibi mmoja analia kwa hasira kwa sababu yake ilikuwa ya chini kuliko ya mkwewe.

Jiko baada ya jiko, kaka, hivyo hivyo. Mwisho walikuwa wananingojea mimi. "Nerio, leo una nini?" Dirce anasema hajaona kitu kama hiki tangu vita. Sasa wameamua: uzi watapokea, lakini masweta hayatoki kabatini, pande zote mbili za mto siku moja, wakati wanunuzi Wajerumani wanahesabu malori ya mzigo. Zanfi atakaa mezani na Dirce, bei moja, na mashine haziguswi. Akigusa moja, zote zinanyamaza. Ndiyo maana ni lazima wote siku moja, hapo ndipo penye ulinzi wa shemeji, kwa hiyo wewe fungasha viatu.

Siku yenyewe siiandiki humu, barua zina macho. Lakini neno nimelivusha mto jana, kwa mdomo wangu huu, majiko yote ya ng'ambo. Wa kwetu Dirce aliwaambia mwenyewe. Argia amekubali kabla Dirce hajamaliza sentensi.

Mimi ndimi,
Nerio, geti la wasio na geti

Kambini
30 Oktoba 1955

Nerio,

Salamu kwa Mama na mtoto.

Wiki tatu kimya. Argia ameandika ukurasa mmoja, habari za mahindi na kikohozi cha Iones. Hajataja sweta wala Zanfi. Ermes amepata barua ya Afra, amecheka peke yake kitandani, nikimuuliza anasema "mambo yanakuja." Yanakuja nini? Si yalikuwa yameshakuja?

Niandikie upesi.
Learco

Shambani kwetu
20 Novemba 1955

Kaka Learco,

Tunaendelea vizuri, na nguruwe hawezi tena kunisuta nikidanganya, maana tumemchinja Jumanne. Ulikosa! Mchinjaji aliteleza kwenye damu akaanguka chali, Mama akamwambia abaki hapo hapo atiwe chumvi. Soseji zinaning'inia mpaka juu ya kitanda changu, naota nakula. Kikohozi cha Iones kimepona. Ukungu umekuwa mzito kiasi kwamba juzi nilimwomba radhi ng'ombe nikidhani ni padri.

Umeuliza mambo ya masweta. Yalikwenda, kisha hayakwenda. Siku ilipofika wa kwetu walifunga makabati, shemeji wa kwanza. Alikaa kitini, mikono juu ya meza, hajui aiweke wapi. Jikoni kimya mpaka Iones akauliza nani amekufa. Lakini ng'ambo waliendelea kutoa masweta kama hawakusikia kitu. Zanfi alishika simu, akawaambia Wajerumani mzigo uko njiani, akaja kwetu anacheka.

Wa ng'ambo ndivyo walivyo, unawajua. Baadaye sana, kila kitu kimekwisha, ndipo eti na wao wakafunga milango yao, siku tatu nne, wakafungua. Mtu anaamka wakati wenzake wameshakula.

Shemeji hajambo. Mashine inapumzika kidogo. Naye anapumzika.

Nerio

Kambini
4 Desemba 1955

Nerio,

Mashine inapumzika maana yake nini?

Nimekuuliza kwa heshima. Habari za nguruwe zimetosha.

Learco

Shambani kwetu
26 Desemba 1955

Kaka Learco,

Krismasi imepita, na Mama anasema nikuandikie nikiwa sijanywa. Basi sijanywa.

Mashine imechukuliwa. Imechukuliwa mwezi wa kumi, kabla hujaniandikia ile barua ya wiki tatu kimya. Zanfi alikuja na gari, nami nyuma yake na pikipiki, maana mimi ni mtu wake. Alisimama uani hata kofia hakuvua. "Bibi Argia, mashine yangu imechoka kukaa bure. Nerio, shika upande ule."

Nikashika.

Najua utakachosema. Nami nilimuuliza shemeji kwa macho, nikatae? Akanitikisia kichwa kwamba nisikatae, mshahara wangu ndio uliobaki nyumbani. Akaomba apewe dakika. Akapangusa sindano moja moja, akazipaka mafuta, akaifunika na shuka lake jeupe kana kwamba ina homa. Iones alitufuata mpaka barabarani. "Ba'mdogo, unaipeleka wapi zuu-zuu?" Nikawasha pikipiki.

Na za majirani wote waliofunga zilichukuliwa siku ile ile. Shemeji sasa anakwenda kuosha makopo ya maziwa kiwanda cha jibini, anarudi vidole vimepasuka. Alinikataza kukuandikia. Anasema utaacha kula.

Mkesha wa Krismasi Afra alivuka daraja kwa miguu, na sufuria la supu ya jogoo na tortellini, zile tambi zilizojazwa nyama, kalifunga kwa kitambaa cha kichwani isipoe. Argia hakufungua. Alisema kupitia mlango: "Wapelekee wa kwenu, Afra. Sisi tulikungojea siku ile hatukukuona." Afra naye akawaka pale uani, akapiga kelele maneno mengi ambayo sikuyasikia vizuri, upepo ulikuwa unavuma. Kisha akaliweka sufuria kwenye theluji, akaondoka. Mbwa wa jirani ndiye aliyekula Krismasi.

Dada kwa dada, kaka. Ndivyo wa ng'ambo walivyotufanya.

Nerio

Kambini
29 Januari 1956

Mdogo wangu,

Mama nimemtumia dawa ya mguu kwa mtu wa Reggio, atafika katikati ya mwezi ujao. Mwambie Argia mimi nakula.

Nimesaini mkataba wa mwaka mwingine. Karani alinyoosha kalamu kabla sijaketi. Aliyekuwa anavisubiri viatu vyangu nimempa pole.

Wewe sikulaumu. Ulishika upande ule kwa sababu ilikuwa lazima ushike, na neno ulilifikisha. Wengine wakilitupa, hiyo si kazi yako. Naogopa tu hasira hii, maana haina pa kwenda. Ermes nimeshindwa kumtazama. Alisema mkewe ameandika kwamba sisi ndio tuliowaacha peke yao. Sisi! Nikamwambia, kama una uso wa kusema hivyo, nami sina masikio. Nimehamia kibanda kingine na nimeomba zamu nyingine. Tulikuwa tunashuka pamoja, yeye ananisikilizia dari isije ikaporomoka, mimi namsikilizia. Sasa nashuka na Mpolandi mmoja ambaye hatuelewani hata neno "kimbia."

Argia asimfungulie Afra. Mimi nisingefungua.

Learco

Shambani kwetu
Jumapili, 19 Februari 1956

Kaka Learco,

Theluji imefika madirishani, wazee wanasema hawajaona hivi tangu wazaliwe. Mama mzima, dawa imefika, anajipaka mpaka goti lisiloumwa. Iones mzima. Shemeji mzima. Mimi nimeacha kazi kwa Zanfi. Nilitaka kukuandikia kwamba nilimtupia funguo usoni na wanawake wakapiga makofi. Niliziweka mezani akiwa ametoka.

Jumatano Dirce amewakutanisha. Amekuja kwa miguu kutoka Carpi, gunia limefungwa kwenye viatu, amewaleta wa ng'ambo na wa kwetu ukumbi mmoja wa ushirika, jiko la kuni katikati. Anasema bila kuanza upya wote pamoja, kila mmoja atakufa na siri yake. Mimi nilikuwa nachochea moto.

Walikaa huku na huku kama harusi ya watu wasiopendana. Shemeji akasimama. "Nauliza kitu kimoja. Jumatatu ile tulifunga. Ninyi mlikuwa wapi?"

Afra akasimama. "Jumatatu gani? Sisi tulifunga San Martino, kama tulivyoambiwa! Zanfi akatukata bei mpaka leo. Ninyi mlikuwa wapi?"

"San Martino? Mwezi wa kumi na moja? Mimi wakati huo nilikuwa naosha makopo!"

"Uongo!"

"Wewe ndiye mwongo, na supu yako!"

Ikawa kelele, kaka, mpaka mwanamke mmoja akamvua mwenzake kitambaa. Dirce anagonga meza na kiatu. Wakatoka mmoja mmoja kwenye theluji, wa kwetu kulia, wa ng'ambo kushoto. Hakuna aliyeuliza ni nani alipeleka neno. Wananipenda. Afra alipita akanipiga begani, akasema, "Wewe peke yako ndiye mtu wa kweli upande ule."

Sasa soma hapa polepole.

Dirce aliniambia hivi: wanafunga Jumatatu, tarehe kumi na saba Oktoba, na kila upande umtume mjumbe kijijini San Martino, pale kando ya mto, wapange pamoja. Akauliza aniandikie? Nikacheka, nikamwambia yeye aandikie wazee. Nikaipiga pikipiki moto. Nilipofika ng'ambo ya daraja tarehe ilikuwa imenitoka yote. Kilichobaki ni San Martino. Kugeuza ilikuwa mwendo mfupi, Dirce alikuwa bado amesimama palepale, nilimwona. Lakini ningemwambiaje? Nikaingia jiko la kwanza nikasema, "San Martino, mama!" Na wao, watu wa mashamba ya kukodi, San Martino kwao ni ile siku ya kuhama, mikokoteni barabarani, kumi na moja Novemba, nani angefikiria kijiji? Wakaitika. Nikaona linaingia vizuri, neno moja tu, fupi. Nikalisema kila jiko.

Hilo ni kusahau, na kwa kusahau ungenipiga kofi yakaisha. Siyo hilo.

Ile Jumatatu yenyewe Zanfi alinituma ng'ambo kuchukua masweta. Nilikwenda nikijua nitakuta milango imefungwa. Afra akanifungulia, akanipa furushi, akanikonyeza. "Mwache Zanfi afurahi, siku zake zinahesabika. San Martino haiko mbali." Hapo nikaelewa kila kitu, nimesimama mlangoni. Shemeji amefunga tangu asubuhi. Gari la Zanfi lilikuwa bado halijatoka kufuata mashine yetu. Lingetoka siku tatu baadaye. Sentensi moja tu ilitosha: dada Afra, nimekosea, ni leo. Angepiga zile kelele zake uani, na kabla ya supu ya mchana ng'ambo nzima ingekuwa imefunga.

Lakini alikuwa ananitazama kwa macho yale waliyokuwa wananitazamia wote.

Nikapokea furushi. Nikaenda jiko la pili, nikapokea. Nikapita majiko yote, kaka, na kila mahali nikapokea masweta.

Nerio